Neno "Mortgage": Je, Rehani Yaweza Kufa?



Tumezoea katika masomo yetu kuchukua neno moja la Maandiko na kulifuata mpaka kwenye mzizi wake. Safari hii tumeona vema kuchukua neno la benki na mahakama, neno la Kiingereza "mortgage", ambalo wengi wetu hulisikia likitamkwa "mogeji". Huenda mkatuuliza, "Neno kama hilo laingiaje katika gazeti la kanisa?" Basi someni kwanza habari ya mama mmoja, kisha mtaona wenyewe.

1. BARUA YA MAMA MJANE

Mama huyu ni mwenzetu, twasali naye kila Jumapili. Miaka michache iliyopita marehemu mumewe alikopa fedha ili anunue gari la abiria, akaweka rehani hati ya shamba lao, lenye nyumba yao ndani yake. Mama naye alitia sahihi mahali alipoonyeshwa kwa kidole, bila kuelezwa anatia sahihi ya nini. Gari likaharibika. Mume akaugua, akafariki. Deni likabaki.

Siku moja mama akaletewa barua ya kurasa tatu, yote Kiingereza. Akaileta kwetu, katika darasa la Biblia la Jumatano jioni, kwa kuwa alijua wamo waliosoma.

Hapo ndipo tulipokosa. Mzee wetu mmoja, karani mstaafu aliyewahi kujifunza Kifaransa kidogo, alipoliona neno "mortgage" alitueleza kwa furaha kwamba "mort" maana yake ni kufa, na "gage" maana yake ni rehani. Sote tukatikisa vichwa. Tukamwambia mama, "Basi, mama, ndivyo ilivyo. Shamba limekwisha kufa. Tumwombe Mungu akupe nguvu." Tukasali naye, akaenda zake. Juma lile akaanza kufunga vyombo na kugawa kuku wake kwa majirani.

Ni binti yake, afanyaye kazi mjini, aliyempeleka kwa wakili. Wakili aliisoma barua ile mpaka mwisho, akasema, "Mama, hii si barua ya kukutoa shambani. Hii ni ilani. Unayo miezi mitatu ya kulipa fedha zilizochelewa. Na hata miezi hiyo ikipita, bado iko nafasi ya kulikomboa shamba lako kabla halijauzwa." Familia ikafanya kikao. Wakauza ng'ombe wawili, watoto wakachanga, fedha zilizochelewa zikalipwa, na deni lililosalia likapangiwa utaratibu wa kulipwa kila mwezi. Mama yumo nyumbani mwake hata leo. Kuku tu ndio hawakurudi wote.

Ndugu zetu, mzee wetu hakukosea juu ya mzizi wa neno. Tulikosea sote kwa kudhani kwamba asili ya neno ndiyo sheria yenyewe. Kosa hilo lilituuma, na kwa sababu hiyo tulikaa Jumatano kadhaa tukijifunza neno hili vizuri. Haya ndiyo tuliyoyapata.

2. NENO HILI LIMETOKA WAPI?

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika nchi ya Ufaransa, alivuka bahari akaishinda Uingereza, akawa mfalme wake. Wakuu aliokuja nao walisema Kifaransa, na lugha hiyo ikawa lugha ya wakubwa na ya sheria. Hata sheria ya mwaka 1362 ilipoagiza kwamba kesi zinenwe kwa Kiingereza, wanasheria waliendelea kuandika kwa Kifaransa chao cha mahakamani kwa karne kadhaa. Ndiyo sababu maneno mengi ya sheria ya Kiingereza si ya Kiingereza kwa asili.

"Mortgage" ni mojawapo. Ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale yaliyounganishwa: "mort", yaani iliyokufa, na "gage", yaani rehani. Vitabu vya sheria vilivyoandikwa kwa Kilatini viliiita "mortuum vadium", maana yake ni ile ile, rehani iliyokufa. Katika maandishi ya Kiingereza neno laonekana mwishoni mwa karne ya 14, nalo liliandikwa "morgage", bila herufi "t". Herufi hiyo ilirudishwa baadaye ili neno lifanane na Kilatini, lakini midomo ya watu haikuipokea, na mpaka leo huandikwa bila kutamkwa.

Neno "gage" nalo lina historia yake. Wafaransa walilipata kwa makabila ya Kijerumani, na mzizi wake una maana ya kitu au ahadi inayomfunga mtu. Kutoka mzizi huo Waingereza walipata "wage", yaani mshahara, na "engage", yaani kujifunga kwa ahadi. Na kutoka mzizi huo huo, kwa njia ya Kiingereza chao cha kale, walipata neno "wed", yaani kufunga ndoa, na "wedding", yaani arusi. Kumbe bwana arusi avishaye pete mbele ya altare, na mkopaji atiaye sahihi mbele ya meza ya benki, ukoo wa maneno yao ni mmoja: wote wawili wanajifunga.

Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kamusi ya Kifaransa kuyajua hayo. Walisema zamani kwamba kukopa ni arusi, kulipa ni matanga. Katika neno "mortgage" arusi na matanga yote mawili yamo.

3. KWA NINI IITWE IMEKUFA? JIBU LA KWANZA

Jibu la kale kuliko mengine limo katika kitabu cha sheria za Uingereza kilichoandikwa kwa Kilatini yapata mwaka 1187 hadi 1189, nacho hujulikana kwa jina la Glanvill, aliyekuwa hakimu mkuu wa Mfalme Henry wa Pili.

Siku zile mkopeshaji aliyewekewa shamba rehani aliingia shambani mwenyewe, akalishika na kula mazao yake mpaka deni lilipwe. Kitabu kile chaeleza kwamba mapatano yaliweza kuwa ya namna mbili. Ya kwanza, mazao aliyoyala mkopeshaji yahesabiwe kuwa malipo ya deni. Ya pili, mazao yasihesabiwe kabisa. Namna hii ya pili ndiyo iliyoitwa rehani iliyokufa.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kwetu. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 akaweka rehani shamba la minazi, na shamba hilo, gharama zikiisha kuondolewa, latoa shilingi 20,000 kila mwaka. Kama rehani ni hai, yaani mazao yanahesabiwa, baada ya miaka mitano deni limekwisha na shamba larudi kwa mwenyewe. Shamba limefanya kazi kama mtoto mwema amsaidiaye baba yake kulipa. Lakini kama rehani imekufa, baada ya miaka mitano mkopeshaji amekwisha kula shilingi 100,000 za nazi, na bado anadai shilingi 100,000 zile zile. Minazi inazaa, ila kwa mwenye shamba ni kama imekufa, kwa kuwa haimpunguzii deni hata senti moja.

Kitabu kile cha Glanvill hakikuficha hukumu yake. Kilisema mapatano ya kwanza ni ya haki, na ya pili si ya haki wala si ya heshima. Mahakama ya mfalme haikuyakataza, lakini yalihesabiwa kuwa namna ya riba, na riba kwa Mkristo ilikuwa dhambi. Tena kilieleza kwamba mkopeshaji akifa huku ameshika rehani ya namna hiyo, na ikathibitishwa, mali yake itashughulikiwa kama mali ya mla riba.

Na tuseme kweli yote, hata ile ituaibishayo. Katika Normandy na sehemu nyingine za Ufaransa wakopeshaji wakubwa wa namna hii walikuwa nyumba za watawa. Watawa walikuwa na fedha, na majirani zao walikuwa na mashamba na shida. Ndipo mwaka 1163, katika mtaguso uliofanyika mji wa Tours chini ya Papa Alexander wa Tatu, Kanisa likawakataza watumishi wake biashara hiyo. Iliamriwa kwamba mazao, gharama zikiisha kuondolewa, yahesabiwe katika deni, na kwamba aliyekwisha kupata fedha zake kutokana na mazao alirudishe shamba kwa mwenyewe. Kanisa lililazimika kuanza kusafisha nyumba yake lenyewe kabla ya kuwahubiri wengine.

4. JIBU LA PILI

Karne tatu zikapita, na desturi ikabadilika. Wakopeshaji sasa walifanya hivi: mkopaji alimhamishia mkopeshaji shamba lote kwa sharti kwamba, akilipa siku fulani iliyotajwa, shamba litarudi kwake. Asipolipa siku hiyo, basi.

Hakimu mmoja wa Uingereza, Sir Thomas Littleton, aliyefariki mwaka 1481, aliandika kitabu kuhusu umilikaji wa ardhi. Humo alieleza neno letu kwa namna nyingine. Alisema yaonekana huitwa rehani iliyokufa kwa sababu ya mashaka, kwamba haijulikani kama mkopaji atalipa siku ile ama hatalipa. Asipolipa, shamba limekufa kwake milele. Akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Kwa vyovyote vile, kuna mmoja atakayefiwa.

Mwaka 1628 Sir Edward Coke alichapisha maelezo yake juu ya kitabu hicho cha Littleton, na kwa njia hiyo jibu la pili likaenea sana. Watu wengi leo hulijua hilo tu, wasijue kwamba la kwanza lilitangulia kwa karne tatu. Mzee wetu karani naye alipotuambia "shamba limekufa", alikuwa akisema, bila kujua, maneno ya Littleton nusu nusu. Alishika habari ya mkopaji aliyeshindwa, akasahau kwamba kuna mkopaji anayelipa.

5. MAHAKAMA YA DHAMIRI

Sasa twafika mahali ambapo hatukupajua siku ile mama alipokuja na barua.

Mahakama za kawaida za Uingereza zilishika siku ya malipo kwa ukali. Mkopaji akichelewa siku moja tu, ingawa mafuriko yalimzuia njiani na fedha anazo mkononi, shamba limekwenda. Watu wa namna hiyo walipokosa msaada walipeleka malalamiko yao kwa Lord Chancellor, mtunza muhuri wa mfalme. Kwa karne nyingi cheo hicho kilishikwa mara nyingi na maaskofu na makasisi. Chancellor hakuuliza tu maandishi yasema nini. Aliuliza pia kama ni haki, mbele ya dhamiri njema, mtu mmoja ajinufaishe kwa ukali wa maandishi hayo. Hivyo mahakama yake ikaitwa mahakama ya dhamiri.

Mwanzoni mahakama hiyo iliwasaidia wale tu waliopatwa na ajali, au waliodanganywa. Lakini katika karne ya 17 ikawa kanuni ya watu wote, kwamba hata siku iliyotajwa ikipita, mkopaji akija kabla muda haujawa mrefu mno, akileta deni lote pamoja na riba na gharama, lazima arudishiwe shamba lake. Maana shamba liliwekwa ili kulinda fedha, na fedha zikiisha kulipwa mkopeshaji hana analodai tena. Haki hii iliitwa "equity of redemption", yaani haki ya kukomboa.

Tulitazame neno hilo "redemption". Limetoka Kilatini, na maana yake ni kununua tena kilichokuwa chako. Ndilo neno lile lile ambalo Wakristo wa Uingereza hulitumia kanisani wakitaja kazi ya Bwana wetu msalabani.

Wakopeshaji wajanja walijaribu kuikwepa haki hiyo. Waliandika katika mapatano kwamba mkopaji amekubali kwa hiari yake kutokomboa kamwe. Mahakama ikayakataa mapatano hayo, kwa kuwa mtu mwenye shida hutia sahihi lolote awekewalo mbele yake. Wanasheria wakapata msemo kwamba kitu kikiisha kuwekwa rehani ni rehani daima, hakigeuki kuwa mauzo kwa hila ya maandishi. Hakimu Lord Eldon aliitumia kanuni hiyo katika hukumu yake ya mwaka 1802.

Lakini mkopeshaji naye ana haki yake, wala hakuachwa asubiri maisha yake yote. Aliweza kuiomba mahakama imwekee mkopaji siku ya mwisho. Ikipita siku hiyo, mlango wa kukomboa ulifungwa. Waingereza waliita jambo hilo "foreclosure", neno lingine la Kifaransa cha kale, maana yake ni kufungiwa nje.

6. MAANDIKO YALIYATANGULIA HAYA YOTE

Msifikiri kwamba mahakimu wa London ndio walioyavumbua mambo haya. Fungueni Mambo ya Walawi 25:23-28. Mungu awaagiza Waisraeli kwamba ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa kuwa ni yake, na wao ni wageni tu juu yake. Mtu akiwa maskini akauza sehemu ya shamba lake, ndugu yake wa karibu aje akalikomboe. Kama hana ndugu, naye mwenyewe akapata fedha baadaye, ihesabiwe miaka ambayo mnunuzi amekula mazao, alipwe iliyosalia, na shamba lirudi. Angalieni vizuri: mazao yanahesabiwa! Jambo lile lile ambalo mtaguso wa Tours uliwaamuru watumishi wa Kanisa mwaka 1163 lilikuwa limekwisha kuandikwa katika Torati.

Someni tena Kumbukumbu la Torati 24:6 na 24:10-13. Jiwe la kusagia lisichukuliwe rehani, kwa sababu ndilo uhai wa mtu. Mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mkopaji kujichagulia rehani, bali angoje nje aletewe. Na vazi la maskini lirudishwe jua linapotua, apate kujifunika usiku. Rehani yaruhusiwa, lakini isimwue aliyeiweka.

Na katika Nehemia sura ya 5 twasoma habari ya watu wa Yerusalemu waliokuwa wameweka rehani mashamba yao, mizabibu yao na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Wakopeshaji hawakuwa mataifa. Walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika sana, akaitisha mkutano mkubwa, nao wakopeshaji wakaahidi kurudisha.

Kiswahili chetu kimeyashika haya vizuri kuliko Kiingereza. Neno letu "rehani" limetoka Kiarabu, wala halina habari ya mauti ndani yake. Na arudishaye rehani kwa kulipa deni twasema "ameikomboa". Mtu akikomboa baiskeli yake aliyoiweka dukani, neno ni hilo. Na tukimwita Bwana Yesu Mkombozi wetu, neno ni hilo. Mama yetu mjane alikuwa akimwita Bwana kwa jina hilo kila Jumapili, nasi tulio waalimu tukasahau kumwambia kwamba shamba lake nalo laweza kukombolewa.

7. SHERIA YA NCHI YETU LEO

Hapa Kenya mambo ya rehani za ardhi yamo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kabla yake, sehemu ya ardhi yetu ilifuata sheria ya Uhindi ya mwaka 1882, iliyoletwa na Waingereza pamoja na neno lao. Sheria ya 2012 hutumia zaidi neno "charge". Neno hilo nalo asili yake ni Kilatini, na mzizi wake ni gari la mizigo. Shamba lililowekwa rehani halihesabiwi tena kuwa limehamia kwa mkopeshaji wala kwamba limekufa. Bado ni la mwenyewe, ila limepakiwa mzigo. Mzigo ukishushwa, liko huru.

Haya machache yafaa kila Mkristo ayajue:

(a) Nyumba ya mume na mke haiwezi kuwekwa rehani na mmoja peke yake. Kifungu cha 79 chataka mwenziwe akubali.

(b) Shamba la kilimo, mahali penye usimamizi wa bodi ya ardhi, lahitaji pia idhini ya bodi, kwa Sheria ya Usimamizi wa Ardhi ya mwaka 1967.

(c) Kule kufungiwa nje tulikokutaja, yaani "foreclosure", kumekatazwa kabisa na kifungu cha 89. Mkopeshaji hawezi kuligeuza shamba lako kuwa lake kwa sababu tu siku imepita.

(d) Mkopaji akiwa amechelewa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji aweza kumpa ilani, na ilani hiyo lazima impe muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa fedha zilizochelewa. Hayo yamo katika kifungu cha 90.

(e) Miezi hiyo ikiisha bila malipo, mkopeshaji akitaka kuuza lazima atoe ilani nyingine, na angoje siku 40. Hayo yamo katika kifungu cha 96.

(f) Kabla mapatano ya kuuza hayajafikiwa na mnunuzi, mwenye shamba aweza kulipa yote yanayodaiwa na kulikomboa.

Haya si badala ya wakili. Kila barua ina mambo yake. Lakini ajuaye haya machache hataanza kugawa kuku wake siku ya kwanza.

8. YATUPASAYO

Kwanza, tusikimbilie kuweka rehani. Haki ya kukomboa haimfai mtu asiye na cha kukombolea. Mume na mke wakae pamoja, wapige hesabu ya kila mwezi kabla ya kutia sahihi, wakijiuliza swali la kale: Je, kitu tunachokopea kitasaidia kulipa deni, ama kitatula huku deni limesimama pale pale? Likiwa jibu ni la pili, hiyo ndiyo rehani iliyokufa, hata kama benki yaipa jina tamu.

Pili, asitie mtu sahihi asichokielewa. Aombe asomewe kwa lugha yake. Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu ni yetu tuliosoma, tukijifanya kujua tusiyoyajua.

Tatu, barua ikija isifichwe chini ya godoro. Siku huhesabiwa, na kila siku iliyofichwa ni siku ya kukomboa iliyopotea.

Nne, tukumbuke wajibu wa ndugu wa karibu. Torati haikumwambia maskini alie peke yake. Ilimwambia ndugu yake aje. Twachanga kwa arusi, twachanga kwa matanga. Je, twaweza kuchanga kabla ya mnada, wakati mchango wetu ungali waweza kurudisha kitu?

Tano, wale miongoni mwetu wakopeshao fedha mitaani kwa kushika hati na vitambulisho vya watu, wasome Nehemia sura ya 5 wakiwa peke yao chumbani.

Nasi wa darasa la Jumatano tulikwenda kwa mama yule tukamwomba radhi. Alitukaribisha chai. Alisema hana neno nasi, ila siku nyingine tukiletewa barua tuisome mpaka mwisho kwanza, ndipo tusali.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Glanvill na Littleton wote walieleza kwa nini rehani huitwa imekufa. Maelezo yao yanatofautianaje? Ni yapi yanafanana zaidi na madeni unayoyaona hapa kwetu?

2. Someni Kumbukumbu la Torati 24:6. Katika nyumba zetu leo, "jiwe la kusagia" ni kitu gani? Je, kiwekwe rehani?

3. Kwa nini ilifaa mtaguso wa Tours uanze na watumishi wa Kanisa wenyewe?

4. Mkristo mwenzako akikujia na barua asiyoielewa, nawe huielewi, utamjibu nini?